Mpishi Anayeunguza Uji

Muhima, Kigali
Desemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kibarazani, miguu haijavimba tena, na mvua za huko Tabora zimeshakubali kunyesha. Huku sisi ni wazima. Nasema sisi kwa kuwa nyumba yangu sasa ni ya watu wawili, na wote wawili tumelamba asali yako hadi dereva aliyeileta akatucheka. Ahsante sana, Mama. Dumu lilifika limejaa, na kwa madereva ninaowajua mimi, huo ni muujiza.

Uliniuliza habari za Klodina, mtoto wa marehemu baba mdogo, kama ameanza kusema. Sikukujibu mapema kwa sababu sikuwa na jibu ambalo ningependa ulisome. Sasa ninalo, ila lazima nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nilipomchukua kutoka kituo cha watoto alikuwa na miaka tisa na hakutoa neno. Anakula, anaoga, anafagia, anakutazama. Neno hakuna. Shule ilipofunguliwa nikawa naenda naye hapo ninapofundisha, nikakuta hayuko peke yake. Darasani kwangu wapo wanaolia katikati ya hesabu bila kuguswa na mtu, wapo wanaosinzia kwa kuwa usiku hawalali, na yupo mmoja asiyekubali kukaa ila karibu na mlango. Sisi chuoni tulifundishwa kuandaa somo, Mama. Haya hakuna aliyetufundisha.

Basi sikia kilichotupata. Mwalimu Fabiani, mwenzangu aliyekulia Mwanza, aliona watoto wamenyong'onyea, akasema dawa yao ni mchakamchaka, kama tulivyokimbizwa sisi tukiwa wadogo. Asubuhi moja akasimama uwanjani na filimbi, akaipuliza kwa nguvu zake zote. Uwanja ukabaki mtupu. Wengine waliruka ua, wengine walijifungia chooni. Sisi tuliokulia ukimbizini huko kwenu hatukujua kwamba ile miezi ya mauaji, wauaji walikuwa wanaitana kwa filimbi. Fabiani akaenda kuitupa filimbi yake kwenye shimo la choo, na tangu siku ile hajawahi kutaja mchakamchaka. Klodina nilimkuta stoo nyuma ya magunia, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mtoto mkubwa vile, nikalia njia nzima wala sikuona aibu.

Mkuu wetu wa shule ni mama mkali, mtu wa maneno machache. Kesho yake akaenda kubisha hodi kwa watu wa misaada, wakatupatia Mama Esperansi, nesi wa hapa hapa Kigali aliyesomea kuwahudumia watu walioumia akili na moyo. Mwenyewe kafiwa na mume na watoto, na hapendi kuulizwa. Akapewa chumba kando ya jiko la shule, akatandika mkeka. Hakumwuliza Klodina swali hata moja. Unanijua mimi nisivyojua kungoja, nikamwambia, "Sasa mama, atasemaje asipoulizwa?" Akanijibu kwa Kiswahili chao cha huku, "Mwarimu, weye ndiyo iko na haraka. Mutoto hana haraka."

Na kweli, Klodina akaanza kulala mpaka asubuhi. Akaanza kumfuata Mama Esperansi kila aendako, kashika ncha ya kitenge chake. Ndipo wale wafadhili wakatuambia muda wao umekwisha, wanahamia kusini na hawataweza kumlipa tena. Niliogopa, Mama. Niliogopa mtoto atarudi kule nyuma ya magunia na safari hii hatatoka.

Tukaenda ofisi ya elimu, mimi na mkuu wa shule. Afisa alitupokea kwa heshima, lakini ofisi yenyewe haina hata kioo dirishani. Sisi walimu hatuna mshahara, tunalipwa mahindi, maharage na mafuta ya msaada. Afisa akatueleza kwamba fungu la walimu lipo, la mlinzi lipo, la mpishi wa uji wa watoto lipo. Fungu la kutuliza mioyo ya watoto halipo. Hakututukana wala hakutufukuza, ila halipo.

Tulipofika kwenye lango la shule mkuu akasimama. "Mpishi hatuna," akasema. "Yule wa zamani hakurudi." Nikamtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Mama Esperansi alipoambiwa alicheka mpaka akajifuta machozi, na ndiyo siku ya kwanza kumwona anacheka. "Miye? Hata bwana yangu alikuwa ananifukuza jikoni." Hakusema uongo. Uji wake wa kwanza uliungua, wa pili ulikuwa madonge matupu, wa tatu sijui niuite nini. Nusu ya asali yako imeishia kwenye sufuria lile, Mama, usinikasirikie, umewaokoa watoto wengi. Lakini mgao wa mpishi akaupata, akabaki.

Na hapo Mungu akatuonyesha jambo. Kwa kuwa mpishi hajui kupika, watoto wakawa wanajazana kumsaidia. Wanakaa kwenye mkeka, ungo katikati, wanachambua maharage. Mikono ina kazi, macho yako kwenye ungo, hakuna anayemkodolea mwenzake, basi maneno yanatoka yenyewe. Mmoja atasema habari za kaka yake, mwingine atasema ndoto aliyoota, Mama Esperansi anaitikia tu, "Yego, mwanangu." Siku moja nilikuwa nimepita kuchukua maji nikasikia sauti nisiyoijua. "Hili bovu." Alikuwa Klodina, ameshika harage. Jirani yake akalipokea, akalitupa, wakaendelea. Mimi nilirudi darasani na ndoo tupu. Siku zilizofuata akaanza kusimulia habari za mama yake, kidogo kidogo. Mengine siyaandiki humu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki iliyopita afisa yule akaja kukagua bila taarifa, na mkuu hayupo. Uji ulikuwa unanuka moshi tangu langoni. Akaonja kijiko kimoja, akakunja uso. "Huyu mpishi mulimutoa wapi?" Fabiani akadakia, "Mzee, huyu ni mpishi mbaya kuliko wote hapa Kigali. Lakini tukimkosa, tumekwisha." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Afisa hakucheka. Akaenda mpaka mlango wa jiko. Watoto walikuwa kwenye ungo, mmoja analia huku anachambua, mkono wa Mama Esperansi uko mgongoni mwake, na wenzake wanaendelea na kazi. Akavua kofia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kumgawia Mama Esperansi maharage yangu. Alipogeuka akasema taratibu, "Kuna shule huko Nyabugogo na nyingine Rebero hazina mpishi. Huyu mama hawezi kutufundishia wengine wa kuunguza uji hivi?"

Ameshaanza na wawili, Mama. Nashukuru mpaka sijui nishukuru wapi. Namshukuru Mungu, nakushukuru wewe uliyenilea nikaweza kulea, na siku hizi hata ule uji naushukuru.

Nisalimie kaka mkubwa na mkewe, mwambie baiskeli ya marehemu baba asithubutu kuiuza. Nisalimie shangazi wa Urambo, na jirani yetu Mama Mwajuma aliyenifundisha kusuka.

Klodina amekaa hapa ubavuni anaitazama kalamu. Nilikuwa nataka kukuandikia salamu zake nizitunge mwenyewe, akanishika mkono. Amesema nikuulize hivi: "Mama mkubwa, wewe unajua kupika uji?" Tangu aje kwangu hajawahi kumwuliza mtu swali lolote, hili ndilo la kwanza. Ukijibu, usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, kwa jina lake.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Adelina