Mpelelezi wa Viatu Feki Mwembesongo

Shikamoo Shangazi Mwanaidi,

Masikioni bado ninalo lile pa! la mama muuza viatu akigonganisha soli kuita wateja sokoni Mwembesongo. Nilikuwa namtafsiria yule mgeni aliyetumwa na serikali yao kusaka masoko ya nje yanayouza bidhaa bandia. Alijifanya mteja, miwani myeusi, jasho tele. Mama akamwuliza waziwazi, kama wanavyouliza wote hapa: "Kaka, nikupe orijino au feki?"

Nilipotafsiri, mpelelezi wetu akaduwaa kama mtu aliyenyang'anywa kazi.

"Mwambie achukue feki," mama akaniambia. "Orijino haimalizi masika ya Uluguru."

Mgeni akataka nimwulize jina lake kamili na meza yake ni ipi, akawaripotie wakubwa. Mama alikuwa bado anacheka, hajui kwamba anayewindwa ni yeye. Nikajifanya sikusikia.

Mvua huku haikatiki, na ndizi za mlimani ni tamu mno. Mungu akutunzie hayo magoti. Baba usimwambie kwanza, lakini jioni ileile nilimrudishia mgeni kitambulisho cha ukalimani alichonipa, na kazi nimeshaacha.

Mwanao,
Saida