Nozeli Nilizofungua Bila Wewe

Baba Neema, mume wangu,

Huko uliko natumaini hakuna vumbi. Hapa Ifakara ni mavuno, kila ua unapepeta mpunga, na unakumbuka tulivyokuwa tukigombana kwa jambo hilo. Siku ukitaka kufungua nozeli za trekta, zile zinazorushia injini dizeli, ulikataza mtaa mzima kupepeta, utadhani wewe ndiye serikali. "Makapi yakiingia kwenye tundu la nozeli, injini imekwisha," ulisema. Nami nikakujibu, "Basi watoto wale hiyo injini." Ulicheka, lakini hukushika spana mpaka nyungo zote zimekaa chini. Jirani yetu Mama Devota alikuwa akikununia mpaka jioni.

Tangu tulipokuzika, trekta limekuwa likienda vizuri. Juzi likaanza kutoa moshi mweusi na kutetemeka, na mpunga wetu bado uko shambani kule Lupiro. Jana mdogo wako akaja na jibu lake tayari: "Shemeji, tuliuze. Nimepata mtu, namleta kesho mchana. Chombo kama hiki hakikai bila mwanamume." Sikubishana naye. Nilimwambia amlete tu. Kisha nikaingia ndani, nikakasirika peke yangu, nikatoka na sanduku lako la spana pamoja na nozeli mpya ulizonunua ukiwa hai.

Leo asubuhi nilianza kama ulivyokuwa ukianza: kusugua kichwa cha injini kwa brashi na dizeli, kisha kupuliza uchafu kwa pampu ya baiskeli, kabla ya kugusa nati yoyote. Miaka yote ile nilikuwa nakushikia taa, na wote wawili tulidhani nimeshika taa tu.

Hapo nikasita. Upepo ulikuwa unavuma, na uani kwa Mama Devota wanawake wanapepeta. Nilishindwa kuwakataza, maana najua ulivyowachosha. Kabla sijafungua mdomo, Mama Devota akaweka ungo wake chini. "Jamani, tukae kwanza. Mama Neema anafungua trekta." Wakakaa, nyungo mapajani, wanatutazama kama wako harusini. Baba Neema, wakati ule nilikupenda upya, pamoja na ukorofi wako.

Nilitoa nozeli moja moja, nikaziba kila tundu kwa kitambaa safi. Neema, binti yetu, ambaye sasa ndiye dereva, alikuwa anachungulia kwa tochi. Tundu la mwisho akanishika mkono. "Mama, subiri. Washa ya zamani imebaki humu chini." Pete ile ya shaba inayokaa chini ya nozeli ilikuwa imeganda palepale, nyeusi, huwezi kuitambua. Ningeweka mpya juu yake, nozeli isingekaa sawasawa, na moto ungevuja pembeni mpaka uharibu kila kitu. Tukaitoa kwa waya, polepole. Wakati wa kukaza nilikaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa sababu ulisema anayekaza kwa hasira hupasua. Tukamaliza kwa kutoa upepo kwenye mabomba ya dizeli.

Neema akawasha. Likakohoa, likazima. Akawasha tena, likashika, na moshi ukasafika. Wanawake wakapiga vigelegele, wakarudia mpunga wao.

Shemeji alifika na mteja wake wakati Neema anafunga tela aende Lupiro. Yule mteja akalizunguka trekta, akasikiliza injini, nikaona kabisa limempendeza. "Mwenye trekta ni nani, tuongee?" Shemeji akanitazama. Miezi yote hii, mtu akiuliza hivyo, nimekuwa nikijibu kwamba ni la marehemu.

"Ni langu," nikasema. "Na haliuzwi."

Sikukutaja, mume wangu. Nikalia palepale mbele yao wote, maana ndipo nilipojua kwamba kweli umekwenda.

Wewe pumzika. Sisi tunakwenda kuleta mpunga.

Mkeo,
Mama Neema