Mtani Hajibu kwa Adabu

Mtani wangu Kulwa,

Majibu yako yalifika. Niliyasoma nikiwa nimesimama mlangoni hapa Misima, Handeni, jembe bado liko begani, na uliponiita "Ndugu msanii" niligeuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yangu. Ulinishukuru. Ulinitakia kila la heri. Tangu tufahamiane hujawahi kunitakia heri hata siku moja, na hatukuwahi kugombana kwa ajili hiyo.

Nakuandikia waziwazi, asome anayetaka, kwa kuwa ujumbe wangu kwako wenzako ofisini walishausoma. Na kama yupo asiyetujua, aelewe tu kwamba mimi ni Mzigua na wewe ni Mnyamwezi uliyezaliwa Korogwe, kwa sababu babu yako alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana na hununi, anabeba kuku wako na unamsindikiza. Na kwa kuwa huruhusiwi kumkasirikia, yeye hana sababu ya kukudanganya. Hicho ndicho nilichokuwa nacho kwako, Kulwa, wala sikuwahi kutaka kingine.

Unakumbuka siku niliyoleta wimbo wangu wa kwanza kwenye bendi yetu ya harusi pale Korogwe? Niliimba kwa moyo wote. Wenzetu wakasema, "Mzuri, mzuri," huku wakiangalia viatu vyao. Wewe uliondoa mikono kwenye kinanda ukasema, "Mtani, huu wimbo mbuzi akiusikia anasusa majani." Walicheka mpaka mpiga gita akakaa chini. Nikakuuliza ubaya uko wapi. "Unamsalimia bibi harusi, shangazi zake, wajomba, mwenye nyumba, jirani wa mwenye nyumba. Mpaka uje uanze kuimba, pilau imeisha."

Ilikuwa kweli. Kwetu huwezi kuingia kwenye mji wa watu ukaanza kupiga kelele bila salamu, na mimi nilidhani wimbo nao ni mgeni. Nilizikata salamu zile kwa uchungu, nikabakisha moja. Tulipouimba Kabuku, kinamama waliacha masufuria jikoni wakatoka na miiko mikononi. Uliniinamia huku unapiga, ukaninong'oneza, "Sasa mbuzi anakula." Sijawahi kupewa sifa nyingine ninayoikumbuka.

Halafu ukaenda Dar, ukapata hiyo kazi ya kupanga orodha za nyimbo ambazo watu wanasikiliza kwenye simu. Nilikusifia kwa kila mtu, kwa lugha ya utani bila shaka. Nilisema Wanyamwezi wamepata kazi ya kukaa wamevaa vidude masikioni, ndiyo saizi yao.

Ulipokuja likizo ulimkuta mama pale Kabuku anapochomea mahindi, ukachukua hindi lililoiva vizuri kuliko yote na hukulipa, kama ilivyo haki yako. Nilikuuliza mnavyokataa nyimbo za watu mnaangalia nini, maana vijana wa huku wanatuma, wanakataliwa, wanaamini wamerogwa. Uliniambia huku unatafuna. Wengine wanachelewa kuanza, na msikilizaji wa simu hana subira, kidole chake kinaruka wimbo kabla mwimbaji hajavuta pumzi. Wengine wanarekodi chumbani na jogoo anaitikia. Wengine wanatuma ujumbe uleule kwa kila mtu, hata jina la orodha hawalijui. Ulinitajia bwana mmoja aliyeleta wimbo wa msiba kwenye orodha ya watu wanaokimbia asubuhi.

"Na wengine?" nilikuuliza.

"Wengine wimbo hauna tatizo. Nafasi tu hakuna. Wote tunawaandikia maneno yaleyale."

"Sasa mtu atajuaje yeye yuko kundi gani?"

"Hatajua." Ukafuta mdomo. "Wewe usihofu. Wako ukiwa mbaya nitakutukana mwenyewe."

Mama alikuwepo. Alisema, "Umesikia? Mtani ameahidi."

Basi nikatunga wimbo wa mama. Wa yule mwanamke anayekimbiza basi la Arusha na sinia kichwani, abiria anapokea hindi dirishani, na basi linaondoka kabla hajafungua kibeti. Nikaufanya kama ulivyonifundisha. Sauti yangu inaingia mwanzoni kabisa. Nilikwenda studio Korogwe, jogoo hakuna. Nilikaa wiki nzima nasikiliza orodha yenu ya nyimbo za nyumbani ili nijue inaishi vipi, na niliona wimbo wangu ungekaa humo bila kusukumana na mtu.

Nilipoutuma niliandika hivi, na sioni aibu kurudia: "Wewe mjukuu wa mpotea njia, toa vidude masikioni usafishe masikio kwanza, ndipo usikilize kazi ya wakubwa zako. Ukiukataa nakupeleka mnadani, ingawa najua nitarudi na wewe, hakuna mnunuzi." Nilicheka peke yangu nikiandika. Niliona nimekupigia hodi kama mtu wa kwenu.

Ukanijibu kwamba baada ya kuusikiliza kwa makini, mmeona hauendani na mwelekeo wa orodha yenu kwa sasa. Kwamba mnanikumbusha kutumia lugha ya staha ninapowasiliana nanyi. Chini ukaweka majina yako, yote mawili.

Mama aliniuliza mtani amesema nini. Nikamsomea. Akaniambia nirudie, nikarudia. Akageuza mahindi yake, akasema, "Huyo aliyeandika ni nani? Maana Kulwa simsikii humo."

Nikakupigia. Ulipokea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini. "Dada, niko kazini." Dada, Kulwa. "Wenzangu ndio waliufungua ule ujumbe. Wameona ni matusi. Mkubwa wangu ameuliza."

"Si ungewaambia mimi ni mtani wako?"

"Dada, huku hayo mambo watu hawayajui."

"Ndiyo maana ungewaambia."

Nikaona basi, tuyaache hayo, nikakuuliza lile nililopigia simu. Wimbo una ubaya gani? Ukasema, "Hauna ubaya, dada. Ni mwelekeo tu."

Nataka uelewe hasira yangu iko wapi, usije ukawaambia hao wenzako kwamba kuna mwimbaji wa Handeni amekasirika kwa kukataliwa. Nimekataliwa sana. Kule Mazingara waliwahi kunishusha jukwaani nikiwa katikati ya ubeti, wakaweka muziki wa spika, na siku ya pili yake nilikwenda shambani kama kawaida. Ungeniandikia kwamba sauti yangu imechoka, ningelia, halafu ningekunywa tangawizi. Ungeniambia ubeti wa pili unaburuta mguu, ningeuvunja na kuujenga upya. Ungesema nafasi hakuna, ningekutukana wewe na ukoo wako wote, mambo yakaisha. Lakini "mwelekeo" ni kitu gani? Nitakishika wapi? Hilo ni neno la kumwambia mtu usiyetaka arudi.

Ulijua kabisa liko wapi kosa, kama lipo. Masikio yako nayafahamu. Ulikuwa unasikia uzi wa gita umelegea kabla mwenye gita hajasikia. Ulichagua kutoniambia, kwa sababu kuniambia kungekuwa kukiri mbele ya watu wa ofisi yako kwamba unanijua. Ukaona bora unipe adabu. Watu wasiotujua wataona ulinitendea vizuri, na kwa kweli hakuna hata neno moja baya katika majibu yako. Nimelitafuta.

Tangu hapo wimbo umenishinda. Nauweka, nausikiliza, nauzima. Asubuhi naona tatizo ni kibwagizo, mchana naona ni sauti, jioni naona hauna tatizo lolote na ninyi ndio viziwi. Wiki iliyopita nilialikwa harusini Kabuku, wakaniomba niimbe wimbo wa mama, yeye mwenyewe amekaa mbele amevaa kanga yake mpya. Nikaimba mwingine. Watu wote pale walikuwa tayari kuniambia ni mzuri, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kuniambia kweli. Njiani kurudi mama alinishika mkono.

Kuna jambo moja nimeamua, na nakuambia mapema ili lisikushtue. Baba yako ni mzee sasa, na mimi nampenda. Nikipita Korogwe lazima nimsalimie, na hajaacha kuniuliza lini nitaolewa na Mnyamwezi mwenye akili, kama yupo. Mungu amweke. Lakini siku yake itafika kama itakavyofika ya mama yangu, na unajua siku hiyo kazi yangu ni ipi. Mtani ndiye anayevaa koti la marehemu akatembea kama alivyokuwa anatembea, ndiye anayekaa mlangoni na kukataza jeneza lisitoke mpaka apewe chake, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Wewe ungekuwa umekaa kwenye mkeka hujui pa kuangalia, na ni mimi ambaye ningekuja kukutukana mpaka upumue.

Sitafanya hivyo, Kulwa. Nitavaa vizuri, nitaingia kwa staha, nitakupa mkono na kukuambia pole sana kwa msiba mzito uliokupata. Halafu nitakwenda kukaa na wageni.

Ubaki salama huko uliko,

Aliyekuwa mtani wako,
Misima