Mtoto Ameniita Kamburi

Njau, uko? Yule mtafiti wa Thika anayetafuta watoto wanaokumbuka maisha yao ya kwanza alikuja leo kuhoji lastborn wetu, Nyawira.

Akamwonyesha mtoto mathe, mama yetu, akamuuliza. "Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wangu."

Mtafiti karibu aanguke na kiti. Nikacheka. Nikamwambia, huyu amepewa jina la cucu, bibi yetu aliyemzaa mathe, ndiyo maana mathe humwita mami tangu azaliwe. Akafuta yote aliyoandika.

Halafu mtoto akanigeukia. "Kamburi, umekonda. Umekula?"

Kamburi, Njau. Kambuzi kwa Kikuyu. Cucu pekee ndiye aliniita hivyo, na tulimzika kabla Nyawira azaliwe. Jina hilo ni wewe tu nilikuambia.

Nimejifungia chooni. Anabisha, anauliza kama nimekula.

Niambie ni wewe ulimfundisha. Hata kama si wewe, niambie.