Siku Niliyokataa Kumshika Wambui

Jumatatu, 3 Machi

Bilauri ya sita ya maji. Nimeagizwa ninywe hata bila kiu, ili dawa waliyonidunga itoke mwilini. Leo asubuhi hospitalini walinipandisha kwenye mashine ya kutembea, wakaongeza mwendo mpaka nikashindwa, kisha wakanilaza na kuupiga moyo picha. Vidonge vya shinikizo la damu, nilivyokatazwa kabla ya kipimo, nimeruhusiwa kuvirudia. Chai pia.

Muuguzi alinionya mara mbili, kama anayemwonya bibi yake: "Shosho, usibebe mtoto mchanga mpaka kesho jioni, saa kumi na mbili. Hiyo dawa iko na miale, inaweza kumdhuru." Nikaitikia.

Mwanangu Karanga nilimwambia nakwenda mjini kwa shughuli za pensheni. Sitaki ajue. Baba yake alipogunduliwa ana moyo mbovu, tulimnyang'anya funguo za gari, jembe, hata ngazi. Alikufa akiwa mgeni nyumbani kwake. Ngazi niliificha mimi.

Jioni Karanga amepiga simu. Mkewe, Njoki, ametoka hospitalini na mtoto. Kesho asubuhi watapita hapa Kabiria wakielekea Murang'a, Njoki akapumzike kwa mamaye. Mtoto ni msichana, wa kwanza. Kwa desturi yetu jina ni langu: Wambui. Nimengoja miaka minane tangu waoane. Nimewaomba waje jioni. Karanga ameuliza sababu. Sikumpa.

Jumanne, 4 Machi

Walikuja saa nne. Nilikaa kiti cha mbali, kando ya dirisha. Njoki alikuja polepole, kidonda cha upasuaji bado kibichi, akaninyooshea mtoto. Nikaficha mikono ndani ya shali. Nikasema nina mafua. Sina mafua.

Alisimama vilevile, mikono imenyooka.

"Mama, huyu ni wewe," alisema. "Utakataa kujishika?"

Nilimwambia amlaze kwenye kochi. Kwa sauti ile ya darasani, ya miaka yangu ya ualimu. Hawakumaliza chai. Kabla ya saa sita walikuwa wameondoka.

Saa kumi na mbili ilinikuta palepale. Sasa mikono ilikuwa na ruhusa, na hapakuwa na mtoto.

Uso wake sikuuona vizuri. Ana nywele nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Njoki hapokei simu. Nimetembea hadi dukani, nikapumzika mara tatu. Karanga ametuma ujumbe mmoja: Njoki anauliza alikosa nini. Sikujibu. Mwoga mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Westlands, kwa daktari. Majibu si mazuri. Mishipa mitatu ya moyo imeziba. Nitapasuliwa Jumanne. Daktari akauliza nani atakuja nami, atie saini. Nikasema najitosha. Akaweka kalamu chini, akangoja. Ni rika la wanafunzi wangu wa mwisho. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuningoja hivyo.

Nilimpigia Karanga nikiwa bado kwenye ushoroba. Alilia. Akataka amweleze Njoki yeye. Nikakataa, kosa ni langu. Njoki alipokea nilipompigia mara ya tatu. Nilimwambia yote: moyo, miale, uongo.

"Ungeniambia tu, Mama. Ningekaa hapo na mtoto mpaka hiyo saa kumi na mbili."



Jumapili, 9 Machi

Sikwenda ibadani. Karanga yuko hapa tangu jana, anafua mashuka. Hayasuuzi vizuri. Nimemwachia.

Kidonda cha Njoki kimeanza kutoa usaha, hawezi kusafiri. Mtoto hataletwa kabla ya Jumanne. Baada ya Jumanne, Mungu ndiye ajuaye.

Adhuhuri Njoki alipiga simu. Hakusema mengi. Aliiweka karibu na mtoto aliyelala. Nikasikia pumzi ndogo, kisha jogoo wa jirani, kisha pumzi tena. Nilimwita kwa jina letu, mara moja, polepole. Hakuamka. Tulikaa hivyo mpaka simu ikakatika.