Umechukua Ukumbi Wetu

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu mtarajiwa, na kwamba lile jino lako la nyuma limetulia. Mimi mwili mzima. Ya moyoni utayasoma hapa chini. Nimeamua kuyaandika kwa sababu kwenye simu mtandao wako huwa mbovu kila neno linapokugusa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Siku ya kuvishana pete nilikusikia ukiwaeleza wakwe zako kwamba dada yuko makumbusho, anaangalia mambo ya wageni. Wakaitikia kwa heshima, wakidhani nafagia. Basi nikueleze. Nilianzia dirishani kukata tiketi, na kwa kuwa asubuhi wageni huwa wa kuhesabu, nikasoma vibao vyote vya maelezo, hadi cha chooni. Vilipokwisha nikaanza vitabu vya ofisini. Leo ndimi mratibu wa programu za watu wazima: mihadhara, masomo ya ufinyanzi, na darasa la Jumamosi.

Hilo la Jumamosi ndilo linalonitoa kitandani. Wanakuja watu ambao shule iliwaacha njiani. Kila mmoja huchagua kitu kimoja katika vyumba vyetu, akakichunguza mwaka mzima, akauliza, akasoma kwa kadiri anavyoweza. Siku ya kufunga mwaka husimama ukumbini, mbele ya jamaa zake, akakizungumzia.

Usicheke. Fundi cherehani mstaafu kachagua pasi ya mkaa, na anaisema kama mtu anayemsema shemeji yake. Dereva wa teksi kachagua ramani ya zamani ya mji. Anaamini barabara zilichorwa makusudi ili kumkomoa yeye. Mama mwenye duka la mitumba alichagua mkufu, akauacha, akachukua kofia ya askari, akaiacha, sasa amerudi kwenye mkufu na hataki kuulizwa. Wanajizoeza mbele ya vioo vya makabati. Mlinzi wetu hujifanya hasikii, lakini juzi nilimkuta akimsahihisha dereva.

Sasa, Jumatatu ya wiki iliyopita Mkurugenzi aliniita ofisini akanimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, nikajua limeharibika jambo. Akasema ukumbi umekodishwa kwa harusi, mchana kutwa, Jumamosi ile ile ya kufunga mwaka. Nikamuuliza watu wangu niwapeleke wapi. Akasema stoo ya nyuma ina nafasi tukisogeza masanduku. Nikamwambia stoo haina dirisha. Akajibu kwamba vitu vya kale havihitaji dirisha. Nikamwambia nazungumzia watu. Akacheka, akasema watu wazima hawana mtihani, wanaweza kuja siku yoyote. Sikumweleza kwamba dereva ameshamwachia mwenzake gari siku hiyo, wala kwamba watoto wa fundi wanasafiri kutoka mbali. Angeniongezea chai. Nilipoinuka akaniambia nisinune, maana hata hivyo mwenyewe nilishakubali.

Nilidhani kanichanganya na mtu mwingine. Nikashuka ukumbini, nikamkuta mpambaji na futi yake. Alikuwa ameshaamua kwamba mashine yetu kubwa ya uchapaji ifunikwe kitambaa cheupe, kwa kuwa haiendani na rangi za bibi harusi. Ndiye aliyeniambia, tena kwa furaha, akidhani ananipongeza, kwamba bwana harusi ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kwamba alimhakikishia Mkurugenzi kuwa dada hana neno, dada ameshasema sawa.

Dada alisema lini? Alimwambia nani? Sikutaka kumweleza mpambaji kwamba mdogo wangu ni mwongo, hivyo nikamshikia ncha ya futi. Naam, nilimsaidia kupima ukuta wa harusi yako.

Nilirudi kwa Mkurugenzi. Akakiri kwamba ukumbi unatosha shughuli zote mbili kama sherehe itaanza saa kumi na mbili jioni, darasa likiwa limekwisha, ila mwenye kubadilisha ni aliyekodi, si mimi. Nikakupigia. Ukaniambia nisikuze mambo, hilo ni darasa tu la wazee, na mpiga picha wenu anataka jua. Nimelifikiria sana hilo jua. Limewaka kichwani mwangu wiki nzima.

Ningeweza kukomea hapo, nikanuna, nikaja harusini na zawadi. Lakini kuna mwanafunzi mmoja sijamtaja, na niliapa kwamba sitamtaja. Leo navunja kiapo. Ni Mama.

Zile Jumamosi unapompigia simu yake ikawa imezimwa, kisha akakuambia alikuwa kwa jirani, alikuwa kwangu, kiti cha pili kutoka mlangoni. Alinikataza nisiwaambie kwa sababu mngecheka, na wewe ungechukua video. Kachagua mizani ya kliniki, ile ya kuning'iniza watoto wachanga, iliyo chumba cha mwisho karibu na ngazi. Mtoto anayemzungumzia ni wewe. Anasimulia jinsi ulivyoning'inizwa pale, mshale ukagoma kusogea, nesi akatikisa kichwa na kuita mwingine. Akarudi nawe wiki baada ya wiki. Anasema miezi ile aliutazama ule mshale kuliko alivyomtazama mumewe.

Mwanzoni alikuwa anakohoa, anatazama sakafu, anakaa. Sasa anafika mwisho. Mimi katika umri wangu wote sijawahi kumsikia mama yetu akizungumza mbele ya watu. Kwenye posa yako Baba Mdogo alimsemea. Na ratiba ya harusi nimeiona: wajomba wanaongea, Baba Mdogo anaongea, mwenyekiti wa kamati anaongea mara mbili, na mama mzazi atasimama na kupunga mkono.

Nilipomweleza habari ya ukumbi aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. Kisha akasema harusi ya mwanawe ni moja, nafasi yake apewe fundi, na wewe usiambiwe chochote. Akaendelea kukunja nguo. Shuka alilokunja alikuwa ameshalikunja.

Basi sikuombi, nakuambia. Mpigie Mkurugenzi kabla ya Ijumaa, useme sherehe ianze saa kumi na mbili, na useme kwamba dada hakukubali lolote. Mpiga picha atafute taa. Ukikataa, ukumbi ni wako, mimi nitakuwa stooni na watu wangu, na mkeo utamweleza mwenyewe kwa nini wifi yake hayupo mezani.

Halafu nenda kwa Mama. Usijifanye umeota, sema umeambiwa na mimi, lawama nitaibeba. Mwombe akusimulie habari ya ile mizani. Ataanza kwa kukohoa, na katikati patakuwa na kimya kirefu. Usimmalizie sentensi.

Msalimie sana wifi, sina ugomvi naye, na gauni nimeliona kwenye simu, limempendeza. Wasalimie wakwe zako wote na kamati nzima. Baba Mdogo usimpe salamu zangu, atazijibu kwa niaba ya ukoo.

Ni mimi dada yako,
ambaye hakusema sawa.