Mukono Nilikunyima ku Kaburi ya Tata

Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa saba

Yaya Mwamba, mukubwa wangu,

Mbele ya kukusalimia acha niseme: nilikukosea, tena mubaya. Sasa jambo, yaya. Kifua kinakuachaka ulale? Bibi yako Mama Tshibola na batoto banaamukaka muzuri kule Kisenge? Siye huku tuko, Mungu anatuchunga. Bibi yangu Chancelle anakusalimia.

Yaya, mwezi wa tano balinipasua ku Lubumbashi. Usishituke. Wewe ulikomalia kwa kambo, babu yetu, ndiyo maana haukujua: tangu butoto mikono yangu inatokaka maji. Inatona! Ku masomo kaye ya kuandikia ilikuwa inalowana, ku garaji kle ya kufungia vyuma inanitelezea.

Dokta Gloire, mama mumoja mufupi, alinielezea kama kuko kamushipa kembamba sawa uzi, karibu na mufupa wa mugongo, ndiko kanaamurishaka ile maji. Atatoboa matundu ndogo chini ya kwapa, atalalisha pafu kidogo, atakakata. Alinionya kama maji inaweza kutafuta njia ingine. Nilimujibu ipite hata ku pua, mikono tu ikauke.

Yaya, nilipoamuka, mikono ilikuwa mikavu! Ya moto, mikavu sawa mukate. Nilishika karatasi, haikulowa. Nilishika uso ya Chancelle, akalia, na mi nikalia. Uzi moja tu, na mateso ya miaka makumi ine na saba ikakatika. Mungu alitushona namna gani?

Lakini maji haikuisha. Sasa inashuka ku mugongo, ku tumbo, ku mapaja. Hata na baridi hii, nikikula bukari ya moto, shemizi yote inalowa. Nabadirisha tatu kwa siku. Ni sawa mutoni Lualaba pale Nzilo: balifunga na ukuta, maji ikajitafutia fasi. Chancelle anasema alioleka na mikono ya samaki, sasa eko na mutoni muzima mu nyumba. Tunacheka. Nikibakia peke yangu, naogopa. Naona sawa mwili inakatala kunifichia kitu.

Basi sikia. Ile siku ya kuzika tata mwenye kutuzala, bakubwa balituomba siye babili tushikane mikono juu ya kaburi, ijulikane hakuna mutoto mwenye kumuloga. Wewe ulinyoosha yako. Mi niliacha yangu mu mufuko. Bantu bakasema Edouard anakatala mukono ya ndugu yake, basi anajua kitu. Jina ya mulozi ikakushika, bakakufukuza mu Kasulo, ukakimbilia Kisenge.

Yaya, sikukukatala. Mikono ilikuwa inatona mule mu mufuko, na bazee banasemaka mukono yenye kutoka maji mbele ya maiti ndiyo iliua. Niliogopa baniite mulozi. Nikaacha bakuite wewe. Miaka mbili nilinyamaza, na nilijua hauna kosa.

Salimia Mama Tshibola, umuombee na ye anisamehe. Ijumaa tarehe 19 nitafika Kisenge kukukamata, turudie pamoja Kasulo. Kesho yake, siku ya posho tarehe 20, siku ya kumaliza kilio ya tata, nitasema hii yote ku kaburi, mbele ya bale bale bantu. Sitavaa koti. Baone maji inashuka ku mugongo, mwenye kutaka kuita mulozi aniite mi. Kiisha nitanyoosha mukono. Kama na wewe utaacha yako mu mufuko, nitabakia nimenyoosha.

Mudogo wako,
Edouard